Simu Iliyofungiwa Kwenye Droo

Wenzake walimbatiza Bi Deki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila dekio mkononi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Alisafisha ofisi ya huduma za familia na watoto, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Na aliringa nayo, msidhani ni mchezo. Ukutani, kwenye ngazi, mpaka chooni kulibandikwa tangazo lenye mtoto anayetabasamu: Usikae kimya. Piga simu, tupo.

Tupo! Ijumaa ikifika saa nane mchana, hao tupo walikuwa wameshateremka ngazi zamani. Simu yenyewe, ile ya kwenye tangazo, mkuu wa ofisi aliifungia kwenye droo ya meza yake, eti wezi wasije wakaiba mali ya umma. Jumamosi Bi Deki akija kudeki, ililia humo ndani mpaka ikachoka. Mwanzoni aliuliza. Mkuu akamjibu kwamba simu ina wenyewe, isipopokelewa hapa hupokelewa makao makuu, na yeye ashughulike na sakafu. Akaamini. Mtu amefunga tai, amekalia kiti kinachozunguka, utamwitaje mwongo?

Aliamini kiasi cha kumpa namba ile binti wa dada yake. Dada alikuwa ameolewa mara ya pili, na mwanamume ambaye bila pombe ni mtulivu kama maji ya mtungini, akishalewa ni balaa tupu. Bi Deki alibandika tangazo moja ndani ya mlango wa kabati la watoto, akamwambia binti kwamba siku baba akianza fujo asimngoje yeye, apige pale. Ofisini kuna gari, kuna watu waliosomea mambo hayo. "Mimi nitakuja na nini, mwanangu? Na dekio?" Wakacheka wote wawili.

Basi Jumamosi moja simu ikalia kwenye droo, ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia. Bi Deki alikuwa amepiga magoti kando ya meza akisugua doa la chai. Siku zote kelele ile ikimchosha aliongeza sauti ya redio, lakini siku hiyo betri zilikuwa zimekwisha. Akajiuliza: kama makao makuu wanapokea, mbona huyu mtu hachoki kupiga? Swali lenyewe lilimchoma. Alichukua kizoleo cha bati, akachomeka ukingo wake kwenye mwanya wa droo, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kitasa kikang'oka.

"Haloo."

Sauti ndogo ikanong'ona: "Samahani, hapo ndipo ofisini kwa mama mdogo?"

Akamwambia ndiye yeye, aseme. Mtoto akasema amejifungia jikoni na mdogo wake, baba anapiga mlango mateke, na mama ameanguka sebuleni, haitiki. Bi Deki akamwambia asifungue, anakuja.

Akampigia mkuu. Nyuma ya mkuu ulisikika muziki wa harusi. Gari liko gereji, alisema mkuu, taarifa itaandikwa Jumatatu, na hebu aelezwe, hiyo simu imetokaje kwenye droo? Bi Deki akakata. Polisi wakamwambia aliyepigwa aje mwenyewe kushtaki. Hasira ikampanda. Akashuka na aproni yake hivyo hivyo, akamwomba muuza rangi mwenye pikapu, naye, Mungu ampe maisha marefu, hakuuliza mara mbili. Waliwakuta majirani wamejaa kibarazani wakitega masikio, wakisema mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Bi Deki aliwapa matusi ambayo sitayaandika hapa, akasukuma mlango. Yule shujaa wa kupiga watoto, alipoona watu wazima wameingia, alitoka mbio bila viatu.

Dada alipona, ila taya lilivunjika. Kwenye benchi la hospitali binti alimwegemea Bi Deki akasema, wala hakuwa akilaumu: "Mama mdogo, hata ile Jumamosi nyingine nilipiga. Ililia tu."

Bi Deki hakupata machozi. Aliikumbuka Jumamosi hiyo, na wimbo uliokuwa redioni alipoongeza sauti.

Jumatatu mkuu alimwita, akitaka kujua nani amevunja mali ya umma. Bi Deki hakumung'unya maneno. Alisema ni yeye, na lau angelijua angeliivunja droo hiyo siku ya kwanza alipoajiriwa. Mkuu akaanza hotuba ya utaratibu na kila jambo na ngazi zake. Kabla hajafika popote, simu ikalia mbele yake. Akaitazama, akaitia kwenye droo, akasukuma. Droo haikufunga.

Bi Deki alikuwa ameshasimama mlangoni, dekio limelala mkingamo kizingitini.

"Pokea," akasema. "Hutoki humu mpaka upokee."