Bakuli la Tambi Lisilorudi Tupu

Niseme mapema nisije nikashutumiwa baadaye: mimi ni mama mwenye majivuno. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, nimewasifu watoto wa watu hadi sauti ikanikauka, na sasa nimestaafu, zamu ya kumsifu wangu imefika. Binti yangu ndiye mpishi wa mkahawa wa tambi wa Kijapani hapa Malindi. Si mwosha vyombo, si mpokea wageni. Mpishi. Mwenye mkahawa ni Mjapani wa makamo, mtu mpole anayeinamisha kichwa kila akisalimu, na wanaokula pale huniambia kuwa siku binti yangu akipumzika, supu hujisema yenyewe kuwa hayupo.

Majivuno hayo niliyatembeza sokoni na kwenye harusi za watu. Nyumbani kwangu, mtaa wa Shella, nilifunga mdomo, kwa sababu ya mamangu.

Mamangu ndiye aliyekuwa akipika pilau ya harusi mtaani kwetu. Posa ikishakubaliwa, watu walikuja kwake kabla hawajaenda kwa kadhi. Hakuwahi kupokea ujira, na angetajiwa ujira angeondoka akawaachia masufuria yao motoni. Bizari ya pilau aliisaga mwenyewe chumbani, mlango ameutia komeo, na hakuna aliyepata kujua anatia nini na kwa kiasi gani. Mimi ni mwanawe wa pekee na nimeomba mara nyingi. Aliniambia, "Utaharibu." Pilau yangu watu huila, lakini hapajatokea mtu akauliza imepikwa na nani.

Sasa, binti yangu ni mashoto. Tangu utotoni kila kitu hukishika kwa mkono wa kushoto, isipokuwa tonge, maana kwenye tonge tulimfunza kwa nguvu. Na mtoto huyu alikuwa hatoki jikoni kwa bibi yake. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili siku moja ya kuamkia harusi, wanawake wamejaa uani wanakata vitunguu, naye akatwaa kisu akaanza kukata kwa mkono wake ule. Mgeni mmoja akaguna. Mamangu akainuka, akamtoa kisu mkononi mbele ya watu wote, akasema, "Chakula cha watu hakikatwi kwa mkono wa kushoto. Ukiupata wa kulia, rudi."

Hakurudi. Waliendelea kuamkiana, wakala sinia moja miaka na miaka, lakini hawakusimama tena jikoni pamoja. Mimi nilikuwapo siku ile na sikusema neno, na hilo linaniuma mpaka leo. Baadaye binti akaenda chuo cha hoteli, kisha akaenda kuomba kazi kwa yule Mjapani. Anasema mzee yule aliutazama mkono wake akikata, hakuuliza kitu, akauhamisha ubao wa kukatia upande wa pili ili apate nafasi. Basi.

Habari za kazi hiyo zilipomfikia mamangu alisema mara moja tu, "Kwangu alikosa mkono, kwa mgeni kaupata." Tangu hapo mkahawa ule haukutajwa nyumbani kwetu.

Mambo yangebaki hivyo kama Mjapani asingeamua kufungua mkahawa wa pili Kilifi, upande wa Kibarani, na kumtaka binti yangu akausimamie. Akausimamie yeye, mwenyewe, na wapishi chini yake! Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Lakini binti alikuja kwangu na uso mzito.

"Mama, siendi bila radhi za bibi. Nikienda hivi nitakuwa natoroka."

"Basi kamuombe."

"Nimuombe nini? Nimuombe msamaha wa mkono?"

Alitakiwa atoe jibu kabla ya mwezi kwisha. Nami nilijua kuwa yule hataanza kusema, na huyu hataanza kusema. Ukaidi huo sijui wameurithi wapi, mimi umeniruka.

Wiki ile mamangu akashikwa na homa. Siku tatu hakuweka kitu kinywani ila chai ya tangawizi. Nilimpikia uji akausukuma, nikampikia mchuzi wa kuku akaniuliza kuku huyo amenikosea nini. Chakula cha kununua hajala maishani mwake. Siku ya nne niliingia uani na simu nikapiga mkahawani, na aliyepokea ni binti yangu, kwa sauti yake ya kazi ambayo sikuwa nimeisikia bado.

"Karibu sana. Nikusaidie nini?"

"Nataka bakuli moja la tambi za supu ya kuku. Na msinitilie kitu cha haramu."

"Mama, mimi ndiye nipikaye."

"Najua. Nakuuliza kama mteja."

Akajibu kwa adabu zote, "Hapana cha haramu hapa, mteja wangu. Ni ya nani?"

"Ya bibi yako. Na hajui."

Nilichosikia ni kisu kikianza kugonga ubao.

Mjapani yule hataki makopo ya plastiki. Anasema tambi hufia humo. Hupeleka chakula kwa bakuli zito la udongo lenye mfuniko, supu ikiwa mbali kwenye chupa ya chai ili ifike moto, na baada ya alasiri mletaji hurudi kuchukua vyombo. Mletaji mwenyewe ni mtu mzima wa Jilore, mwenye pikipiki na kikasha cha mbao alichokifunga nyuma kwa mipira. Alishika chupa ile kama aliyebeba mtoto mchanga.

"Mama, aliyepika kaniambia mimina sasa hivi, tambi zisingoje."

Nikamimina. Tambi nene, nyeupe, supu ya rangi ya chai ya rangi, nyama ya kuku, na juu majani ya kitunguu yaliyokatwa mshazari. Unga wa tambi zile hukandwa kwa miguu, ukiwa umefungwa ndani ya mfuko safi, na hilo ni jambo moja ambalo sitamwambia mamangu hadi kiama.

"Nini hiki?" akauliza.

"Tambi."

Kwetu tambi ni za sukari, iliki na tui la nazi. Akanusa. "Tambi za chumvi? Zimefanya kosa gani?" Kisha, "Nani kaleta?"

Ningesema zimenunuliwa, angegeuza uso ukutani. Nikasema, "Jirani."

"Jirani yupi?"

"Mpya. Humjui."

Akanitazama kwa muda, nikaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Vijiti vya kulia chakula vilivyoletwa na bakuli alivisukuma kando. Akala tambi kwa vidole vya mkono wa kulia, moja moja, kisha supu akainywa kwa kuinua bakuli lenyewe kwa mikono miwili. Halikubaki tone. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta kitu, nimevimba kwa fahari hadi kifua kinaniuma.

Nikadhani nimemaliza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata alasiri. Maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukirudisha bakuli tupu umemwambia mwenzio kuwa ujirani umekwisha. Mamangu, mwenye homa, alitoka kitandani akakaa kwenye kiti cha jikoni akaniamrisha nikande unga wa mahamri. Nilichoma mahamri nikitokwa na jasho, yeye akitoa makosa, na mletaji alipokuja akakabidhiwa bakuli limejaa mahamri, limefunikwa kitambaa.

"Bibi, haya nimpe nani?" akauliza.

"Mpe aliyepika."

Binti yangu alinieleza baadaye yaliyotokea kule. Mjapani alifungua kitambaa, akayatazama mahamri, uso ukamshuka. "Tumekosa nini?" akauliza. "Mteja ameturudishia chakula." Alidhani ndivyo tunavyolalamika huku. Binti akacheka hadi akaegemea jiko, akamweleza. Mzee akanawa mikono, akala mawili amesimama, akasema hata kijijini kwao sahani ya jirani hairudi hivi hivi. Siku ya pili yake akaamuru bakuli jingine lipelekwe Shella kwa bibi wa mahamri, bila ya mtu kuagiza.

Basi bakuli likaota miguu. Lilikuja na tambi, likarudi na kaimati. Lilikuja na tambi, likarudi na viazi vya karai. Mamangu alipata nafuu, na nafuu ya mamangu huanzia ulimini.

"Huyu jirani yako ana mkono," alisema siku ya pili. "Lakini hajui ndimu."

Nikatoka uani nikapiga simu. Siku ya tatu ndimu ikaja, imekatwa vipande viwili kando ya bakuli. Mamangu akakamua, akaonja, akasema, "Chumvi imetangulia. Chumvi haitangulii, hufuata." Nikapiga simu. Siku ya nne chumvi ilikuwa imerudi nyuma. Siku hiyo akasema kuku angechomwa kidogo kabla ya kuingia kwenye supu, mifupa isiwe na harufu ya maji. Nikapiga simu, na upande wa pili nikasikia kalamu ikiandika. Nilikuwa nimegeuka tarishi baina ya wapishi wawili walio dakika kumi mbali, na kila mmoja najivunia yeye, na sina wa kumwambia.

Siku ya tano binti aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, yuwala yote?"

"Hata bakuli hulipangusa."

"Na mwezi wabaki siku tatu."

"Najua."

Mchana ule mamangu alikula bila kutoa kosa hata moja. Nikapata hofu, nikadhani homa imerudi. Alipomaliza aliinuka akaingia chumbani kwake, akatia komeo. Kinu kikaanza kulia. Nilikaa barazani nikausikiliza mchi ukipiga, na harufu ya bizari ikapenya chini ya mlango hadi nje. Hakukuwa na harusi yoyote mtaani.

Mletaji alimkuta amekwisha toka, bakuli mapajani. Ndani yake hamkuwa na mahamri wala kaimati. Mlikuwa na karatasi moja, imekunjwa na kufungwa uzi, na harufu naijua.

"Shikamoo, bibi," akasema yule wa Jilore.

"Marahaba, mwanangu. Hii usimpe Mjapani. Mpe yule wa mkono wa kushoto. Mwambie akitaka kujua namna ya kuitia, aje aulize mwenyewe."

Mletaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Pikipiki ilipoondoka nikakaa.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Bakuli la kwanza." Akanionyesha kwa kidole, akichora hewani. "Majani ya kitunguu yalilala upande usio wao. Mji huu mzima nimemjua mmoja tu akataye hivyo, na nilimtoa kisu mimi."

"Na mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama atasikia. Kila nililosema, kesho yake limetengenezwa." Akafuta mdomo kwa ncha ya leso. "Mtoto hakuwa na kosa, mwalimu. Nilimwonea haya yule mgeni."

Nakiri hapa, maana si vizuri mtu kuandika kumbukumbu zake akazipaka sukari: jambo la kwanza lililonijia si furaha. Ni wivu. Umri wote huu nimeiomba bizari ile, na sasa imenipita barazani kwangu mwenyewe, ndani ya bakuli la Kijapani, ikaenda kwa mwanangu. Nilimwambia hivyo hivyo mamangu. Akasema, "Wewe ungeharibu," tukacheka sote wawili hadi akakohoa.

Binti alikuja kabla ya magharibi, hata aproni hajaivua, unga umemganda viwikoni. Alisimama mlangoni kama mgeni. Mimi nilitaka kupiga kelele na kumvuta ndani, lakini nikajizuia. Akasogea, akapiga goti mbele ya bibi yake, akanyoosha mkono wa kulia kumwamkia, kama tulivyomfunza.

"Shikamoo, bibi."

Mamangu hakuupokea.

"Nipe ule mwingine," akasema.

Binti hakuelewa, au alielewa akaogopa. Mkono wa kushoto ulikuwa umefichwa kwenye aproni. Mamangu akauinamia mwenyewe, akautoa, akaugeuza akavitazama vidole vyenye alama za kisu na moto, akaubusu kiganjani.

"Marahaba," akasema. "Nenda Kilifi."