Mzigo Ndani ya Blanketi

Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu, vijana walishusha kinubi kilichofungwa blanketi, nikasimama kukitazama.

Utotoni mwangu, Baba aliendesha lori la shamba la kahawa. Mchana mmoja alimpakia mbele mama wa kizungu mwenye gauni jeusi, na mimi nyuma pamoja na mzigo mrefu wa blanketi, ukinuka nta.

“Ushikilie usianguke, mwanangu,” Baba akaniambia.

Nikajua ni mjane, na mzigo ni maiti ya mumewe. Kwenye kila shimo uliguna. Kwa hofu nikainamisha kichwa, kama watoto wa Meru tunavyowaamkia wazee ili watuguse utosini.

“Shikamoo,” nikanong’ona.

Lori likaruka. Mzigo ukaniinamia, ukanigusa utosini, ukavuma.

Leo najua yule mama alikodiwa kupiga kinubi kwenye sherehe. Lakini juzi kilipopitishwa mbele yangu, bibi mzima nikainamisha kichwa.