Vishada Kumi vya Padre Datius

Clavery Mwijage alikuwa seremala wa Kamachumu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa milango, vitanda na majeneza, lakini watu wa misheni walimfuata kwa kitu kingine. Ujanani alifundishwa na bruda mmoja Mzungu kuchonga nembo za kanisa, na bruda yule hakumruhusu kushika patasi kabla ya kueleza kila alama ina maana gani. Funguo mbili ni mamlaka ya Petro. Mwanakondoo mwenye bendera ni Kristo mfufuka. Kofia pana iliyo juu ya ngao ndiyo cheo cha mtu, na vishada vya nyuzi vinavyoning'inia pande zake lazima vihesabiwe. Kofia ya padre ni nyeusi, kishada kimoja kila upande. Ya askofu ni ya kijani, vishada sita kila upande, navyo hupangwa kimoja juu, viwili chini yake, kisha vitatu.

"Ukikosea kishada kimoja," bruda alikuwa akisema, "umempandisha mtu au umemshusha."

Mwezi wa Mei mwaka 1974 barua ilisomwa kanisani kwamba Padre Datius Rugaibula ameteuliwa kuwa askofu wa jimbo moja la mbali, kusini mwa nchi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka paroko akashindwa kumaliza matangazo. Clavery alikaa kwenye benchi akilia. Datius alikuwa amezaliwa kibanja cha pili kutoka kwao. Walichunga mbuzi pamoja, na walipokuwa na miaka kumi na miwili walikula omukago, kiapo cha udugu wa damu. Walipasua tunda moja la kahawa, wakagawana punje zake mbili, kila mmoja akachovya yake katika damu ya mwenzake, akameza. Tangu siku hiyo waliitana omunywani, kwa sauti ya chini, maana katekista angesikia wangechapwa.

Wiki iliyofuata Datius alikuja mwenyewe karakanani, akaketi juu ya gogo.

"Nembo yangu utaichonga wewe," alisema.

"Nikuwekee nini kwenye ngao? Funguo? Simba?"

"Simba nitampeleka wapi?" Datius alitoa mfukoni tunda la kahawa lililoiva, akalipasua kwa kucha. Punje mbili zilionekana zimelaliana. "Weka hizi."

Clavery alitazama mlangoni kwanza. "Padre, watu wa huku watajua ni kitu gani."

"Wajue. Ninakokwenda hawaijui lugha yangu, nami siijui yao. Nitawaambia nini siku ya kwanza? Nitawaambia Kristo alichanganya damu yake na yetu. Sina njia nyingine fupi, omunywani."

Kwenye utepe wa chini alitaka maneno matatu tu: Si wageni tena.

Clavery alichagua ubao wa musizi uliokaushwa miaka minne. Wakati ule kijiji kilikuwa kikipangwa upya, na kila Jumatatu na Alhamisi watu wazima wote walikuwa shamba la ujamaa. Alichonga siku zilizobaki. Rangi haikupatikana dukani, si Kamachumu wala Bukoba mjini. Katibu wa tawi la TANU, Rutashobya, alimpa nusu kopo la kijani lililobaki walipopaka kibao cha ofisi.

"Askofu naye ni mwananchi," alisema Rutashobya.

Mama yake Datius, bibi Immakulata, alikuwa akipita karakanani kila akitoka kanisani. Hakujua kusoma. Clavery alimfundisha kuhesabu vishada kwa kidole, sita huku, sita kule, naye alivigusa kimoja kimoja akicheka.

Mwezi wa Agosti, zikiwa zimebaki wiki tatu Datius awekwe wakfu, macho yake yaligeuka manjano. Walimvusha ziwa kwa meli, kumpeleka hospitali Mwanza. Clavery aliomba barua ya ruhusa kwa balozi wa nyumba kumi, akaipata, akashuka Bukoba. Meli haikuja. Alishinda bandarini siku mbili, jioni akirudi kulala kwa binamu yake mtaa wa Kashai. Siku ya tatu asubuhi dereva wa misheni alimkuta njiani na mfuko wake wa nguo.

"Mzee Clavery, rudi nyumbani. Padre ametutoka jana."

Clavery alisimama pale na ile barua ya ruhusa mkononi. Hakuwa na la kuifanyia.

Mwili uliletwa, mazishi yakapangwa kesho yake saa kumi. Siku hiyo hiyo paroko, Padre Rwegasira, alifika karakanani kabla ya adhuhuri. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umekamilika.

"Bibi Immakulata anaomba uwekwe kaburini," alisema paroko. "Nimewauliza wakubwa. Mmoja alisema inawezekana. Wawili wakasema hapana, hakuwahi kuwekwa wakfu, azikwe kama padre."

"Basi ubao usiwekwe?"

"Unaweza kuwekwa. Ila kofia iwe nyeusi. Msalaba ulio nyuma ya ngao ni wa askofu, utoke. Na vishada... unajua mwenyewe."

"Kimoja kila upande."

"Ndiyo."

"Baba paroko, barua si ilisomwa? Watu si walipiga vigelegele?"

"Niliisoma mimi." Padre Rwegasira alivua miwani akaifuta na kanzu. "Sijui nikujibu nini, mzee wangu. Mimi nimeambiwa, na mimi nakuambia wewe."

Alipoondoka, Ephrasia, mke wa Clavery, alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Kataa," alisema.

"Nikikataa atazikwa bila kitu."

"Basi na wafanye wenyewe."

"Watampa fundi mwingine. Ataupasua."

Alilaza ubao juu ya meza akaanza na safu ya chini. Vitatu, kisha viwili. Akageuza ubao. Vitatu, viwili. Kisha msalaba. Musizi ni mti laini. Kila kishada kilitoka kwa mapigo machache, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba kazi ya wiki nzima haikuwa na ubishi wowote. Alipiga msasa palipobaki, lakini mashimo hayakuisha. Alikwenda tena tawini kuomba rangi nyeusi. Rutashobya alimpa bila kuuliza. Kijani kilikuwa kimeingia ndani ya nyuzi za mti, na hata baada ya kupaka mara mbili, mtu akisimama karibu alikiona.

Punje za kahawa hakuzigusa. Hakuna aliyemwambia azitoe.

Kaburini watu walikuwa wengi. Clavery alisimika ubao mwenyewe, akashindilia udongo kwa mguu, akarudi nyuma kusimama na wengine. Bibi Immakulata aliomba asogezwe. Alinyoosha kidole kama alivyozoea, akagusa kishada cha kushoto, kisha kidole kikashuka kikaingia kwenye shimo, na shimo jingine. Akaenda upande wa pili.

"Clavery, mwanangu. Si uliniambia sita?"

"Ndiyo, Maawe."

"Vingine viko wapi?"

Padre Rwegasira aliangalia kitabu chake.

"Vimetolewa, Maawe."

"Amekosa nini?"

"Hakukosa kitu. Amefariki tu kabla ya siku."

Bibi alimtazama usoni muda mrefu, kama anayesubiri sentensi iliyobaki. Waliokuwa karibu wakamshika mikono, wakamrudisha kwenye kiti.

Mwaka uliofuata jimbo lile la kusini lilipata askofu mwingine, na nembo yake ilichongwa huko huko. Mapadre wawili walimwandikia Clavery wakitaka nembo za parokia zao. Aliwajibu kwamba macho yamepungua nguvu, ingawa alikuwa bado akipachika bawaba ndogo za madirisha bila miwani. Alitengeneza madawati ya shule ya kijiji, na majeneza kama kawaida.

Jumapili baada ya misa alimsalimia bibi Immakulata, akampokea kikapu, wakatembea pamoja hadi njiapanda. Kila mara alijiandaa kuulizwa tena. Bibi alizungumza habari za mvua, na mbuzi wake, na migomba iliyoanguka kwa upepo.