Hodi Kwenye Ghala la Mpunga

Sokoni Kasongo niliambiwa kwamba binti wa mdogo wangu amefungia sauti za watu katika ghala la mpunga. Sijazoea kukubali jambo kwa kuwa tu limesemwa na wengi, kwa hiyo nilivaa koti langu nikaenda kujionea.

Nilikuta ghala tupu, limefagiliwa, na vipaza sauti vidogo vimetundikwa katika kila pembe. Binti alinieleza kwamba alikuwa amepita Lusangi na Nyangwe akinasa sauti za nyumbani kwa ruhusa ya wenyewe: mtu anakohoa, mwingine anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mama anambembeleza mtoto. Alitaka mgeni ahisi kuwapo kwa binadamu bila kumwona yeyote. Nilifumba macho. Nyayo zilipita nyuma yangu, nami nikasogea kuzipisha. Nilimuuliza maswali mengi, akayajibu yote. Ghala lenyewe alikuwa ameazimwa kwa siku ile tu. Kesho yake mpunga ungeingia.

Alasiri watu aliowaalika kusikiliza walifika, wakiwamo jamaa zetu wa Kabambare waliokuja kwa pikipiki. Walisimama mlangoni wakapiga hodi. Ndani kulisikika kikohozi, mchi na vicheko, lakini hakuna aliyewakaribisha. Wakapiga tena, wakangoja, kisha wakarudi uani kwa heshima. Huku kwetu mtu haingii penye watu kabla ya kuitikiwa. Binti aliwaapia kwamba ndani hamna mtu. Dada yangu mkubwa, aliyeongoza msafara wa Kabambare, alimtazama kwa huruma.

“Mwanangu, tunawasikia. Kama hawatutaki, sema tu.”

Baadhi yao walianza kuwaita wenye pikipiki. Binti alinijia akiwa ameshika nyaya, machozi yakimlengalenga. Kazi ya msimu mzima ingesikilizwa na kuta.

“Baba mukubwa, watu wanaenda zao.”

Niliona haya, katika umri wangu, kushiriki mchezo. Hata hivyo nilizunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikaketi katikati ya ghala. Binti akawasihi wapige hodi mara moja tu tena. Wakapiga.

“Karibuni,” nikaitikia. “Ingieni, iko nafasi.”

Waliingia wote kwa pamoja. Dada yangu alisalimu kila pembe, kuanzia kwenye kikohozi, kisha akasimama mbele ya mchi akiusikiliza kwa makini.

“Huyu anatwanga kama iko na usingizi. Nipeni mchi nimusaidie.”

Watu walicheka hata wakashikana mabega. Wengine walijibizana na vicheko vya ukutani. Wanawake wakaanza kumbembeleza yule mtoto asiyeonekana. Binti alizunguka katikati yao, naye akicheka.

Kundi jingine lilipiga hodi, nikaitikia, likaja jingine. Jua lilipokaribia kuzama sauti yangu ilikuwa imekauka, na binti akaomba kuinasa ile “karibuni” yangu ili nikapumzike. Nilikataa. Uani walikuwa bado wamesimama wageni, na nilitaka kuwaitikia mwenyewe.