Seipone na Pikapu Yenye Masikio

Saa nne asubuhi, pembezoni mwa mji wa Serowe, Botswana, mzee mmoja amesimama ndani ya bodi la pikapu nyeupe, akigonga paa la kabini kwa vifundo vya vidole. Anagonga, anainamisha kichwa kama anayesikiliza jibu, anagonga tena. Ndani, binti yake ameshika usukani na injini inanguruma. Mwenye gari amesimama kando na jasho limeanza kumtoka.

"Rra, mzee wangu, hilo bati ni la kiwandani!" anasema bila kuulizwa. "Halijapakwa puti ya kuziba mabonde hata chembe. Ni ubavu tu ulionyooshwa, na wala si ajali, ni punda."

"Punda gani?" anauliza binti, akizima injini.

"Punda tu, Mma, mama yangu. Wa barabarani."

Fundi Tshosa, jirani waliyekuja naye, anapiga magoti na kuchungulia uvunguni. Anainuka akijipangusa vumbi. "Punda huyo alikuwa anaendesha lori," anasema. "Chesisi nzima imeungwa."

Wanaondoka. Mwenye gari amejisema mwenyewe, akidhani mzee anapima puti. Tshosa naye alidhani hivyohivyo, na hata Seipone, mtoto wa kumzaa, hakuwa na habari kwamba baba yake alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Seipone Kgaswane ana miaka arobaini na saba. Anauza madila, maziwa ya mgando, kwenye meza karibu na stendi ya mabasi, na wateja wake hawamuulizi kama ni mazuri, wanauliza tu kama yamebaki. Maziwa hayo ni ya ng'ombe wa baba yake huko Motlhwareng, magharibi, safari ya nusu siku ambayo sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Katikati ya njia kuna mashamba ya familia, mbele zaidi ndipo lilipo zizi.

Tangu pikapu yao ilipokufa majira ya baridi yaliyopita, hukodi gari kwa pula mia nane kila safari. Wiki nzuri kabisa humwingizia pula elfu moja na mia mbili.

"Nikishamlipa mwenye gari na mchunga ng'ombe, ninabaki na harufu ya maziwa," anasema akicheka, na anaendelea kuchota.

Pikapu hiyo ya zamani anaizungumzia kama watu wanavyomzungumzia shemeji mkorofi aliyefariki. Ukiizima mchangani, haikuwaka tena. Kwa hiyo haikuzimwa. Walishusha mizigo, wakasalimia watu, wakanywa na chai, injini ikiunguruma muda wote, mpaka siku ilipozimika yenyewe.

Siku hiyo ndiyo iliyomleta Mzee Kgaswane, mwenye miaka themanini na moja, kuishi uani kwa Seipone. Anatunzwa. Anapikiwa uji wa mtama asubuhi na jioni, ana kitanda kizuri na redio. Lakini kiti chake amekigeuza kitazame magharibi, na humuuliza kila anayepita kama huko kuna wingu.

"Binti yangu ananilisha mpaka naona haya," anasema mzee. "Ila nikiamka hakuna anayenililia zizini. Mtu akiamka bila kuliliwa, anaamkia nini?"

Ukoo ulikaa kikao, na uamuzi ukatolewa. Isipopatikana pikapu ya kutegemewa kabla ya mvua za kwanza, ng'ombe wa Motlhwareng watahamishiwa kwenye zizi la ndugu mwingine, na mzee atabaki Serowe moja kwa moja. Aliyetoa wazo hilo ni Modiri, kaka mdogo wa Seipone, anayefanya kazi ya ofisini Gaborone. Asilaumiwe haraka.

"Nampenda baba," anasema Modiri. "Ndiyo maana sitaki nipigiwe simu kwamba amelala mchangani na gari bovu."

Basi wakauza madume manne, Modiri akaongeza akiba yake, na Seipone akaanza kuzunguka na baba yake na fundi.

Tshosa ana mwiko mmoja: haangalii rangi. "Rangi haivuti maji kisimani," anasema. Akifika kwa muuzaji, kabla hata ya salamu, huweka kiganja juu ya boneti. Akilikuta la moto hugeuka arudi zake, kwa kuwa injini mbovu huwashwa mapema ili isikohoe mbele ya mnunuzi. "Wameshamkanda mgonjwa kabla daktari hajafika," husema.

Kule Palapye walikuta moja ya kijani, boneti baridi, inayong'aa kama sahani ya arusi. Tshosa akafungua kifuniko cha mafuta ya injini. Chini yake kulikuwa na povu jeupe zito, dalili kwamba maji yameingia kwenye mafuta. Seipone akachungulia begani kwake.

"Rra, haya unauza lita kwa bei gani?" akamuuliza mwenye gari. "Mimi pia nauza ya mgando, tusiharibiane soko."

Walicheka mpaka wakashika ukuta, mwenye gari pia. Lakini kwenye basi la kurudi hakuna aliyecheka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya jioni, na Seipone anasema kila alipoyaona alitamani yatawanyike, jambo ambalo hakuna mkulima wa huku anayethubutu kulisema kwa sauti.

Na kila gari, bovu au zima, mzee alipanda nyuma akagonga bati. Moja Tshosa alilisifu kwa nusu saa nzima, injini, springi, gia, yote. Mzee akagonga, akashuka, akasema hapana. Fundi akavua kofia, akaivaa tena. "Dada yangu," alimnong'oneza Seipone, "huyu mzee anatafuta gari au anatafuta ngoma?"

Ijumaa moja Modiri akashuka kutoka Gaborone na pikapu ya milango minne ya rafiki yake, inayouzwa. Ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Viti laini, hewa baridi, vioo vinavyopanda vyenyewe. Tshosa aliipima akaishiwa maneno. Bei ilikuwa juu kidogo, lakini Modiri alikuwa tayari kukopa.

Mzee alikaribishwa kiti cha mbele, akaketi, akapapasa kiti. "Pazuri," akasema. "Panafanana na kliniki." Kisha akashuka, akapanda nyuma, akamwambia Seipone afunge vioo na aendeshe.

Seipone akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Alipogeuka kutazama, alimwona baba yake anapiga paa kwa ngumi zote mbili, mdomo wazi, naye ndani hasikii kitu. Akakanyaga breki.

"Hapana," mzee akasema, akishuka kwa shida.

Hapo Modiri akapandwa na hasira. "Baba! Bovu unakataa, zima unakataa! Sema basi kama hutaki gari. Sema unataka tukubembeleze mpaka mvua zipite!"

"Modiri, huyo ni baba yako," Seipone akamkanya.

"Dada, niache. Nimeacha kazi yangu kuja hapa kumsikiliza mtu akigonga bati!"

Mzee akaketi kwenye ukingo wa bodi la nyuma. Akaanza kusema bila kuwaangalia.

Alisema habari za siku waliyomtoa mama yao, Gabaikangwe, Motlhwareng kumpeleka hospitali. Miaka sita imepita. Mama hakuweza kukaa, kwa hiyo alilazwa kwenye godoro nyuma ya ile pikapu, kichwa kikiwa mapajani kwa mumewe. Usukani ulikuwa mikononi mwa Seipone. Walipokaribia shamba lake la mtama, mama alifungua macho akauliza, "Tumefika kwangu?" Akaomba wasimame kidogo, ainuliwe, alione.

"Nikagonga," mzee alisema. "Nikagonga mpaka vidole vikatoka damu. Ile gari ilikuwa inapiga kelele, mabati yote yanacheza, na huyu alikuwa anakimbiza. Shamba likapita. Akaniambia, 'Acha, tutaliona tukirudi.'"

Hakurudi.

Tshosa alijifanya anaangalia tairi. Seipone alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ulikuwa unamkimbizia uhai mama yako. Ningekuambia, ungeendesha unalia kila ukipita pale." Mzee akajipangusa uso kwa ukingo wa koti. "Sijakulaumu hata siku moja, mwanangu. Nilichotaka ni gari ambalo mtu wa nyuma akigonga, wa mbele anasikia. Basi. Hayo mengine ya injini namwachia Tshosa."

Modiri alienda akapiga magoti mbele ya baba yake, akiwa na suruali yake ya ofisini, kwenye vumbi lile. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwambia pikapu ni nzuri, airudishe salama kwa mwenyewe.

Kuanzia hapo walijua wanachotafuta, na kazi ikawa nyepesi, maana kabini inayopitisha sauti ni kasoro, na hakuna muuzaji anayeipandishia bei.

Waliipata Mahalapye, kwa mjane aitwaye Mma Selebatso, aliyekuwa akiuza pikapu ya marehemu mumewe. Ya buluu iliyopauka, milango miwili, kiti kimoja kirefu cha watu watatu, na nyuma ya kiti kidirisha cha kusukuma kinachotazama bodini. Tshosa akaweka kiganja kwenye boneti: baridi. Injini ikawaka mara moja, moshi ukatoka kidogo na kukoma. Mafuta masafi. Chesisi haijaungwa, kutu ya kawaida. Aliipeleka kwenye mchanga wa mto mkavu, akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, akaizima hapohapo makusudi, akaiwasha. Ikawaka. Akaizima tena. Ikawaka.

"Kasoro?" aliuliza.

"Mlango wa kushoto unafunguliwa kwa nje tu," akasema Mma Selebatso. "Na kidirisha hicho cha nyuma raba imekwisha. Hakifungi vizuri, kinaingiza vumbi mpaka kwenye meno. Nakuambia kabisa, usije ukanitukana kwenye simu."

Mzee akapandishwa nyuma. Seipone akaondoka taratibu, akaongeza gia, akakanyaga mafuta. Mzee akagonga kwa kidole kimoja tu, na pikapu ikasimama.

"Nimekusikia, Baba," sauti ya Seipone ikapenya kwenye kile kidirisha.

Mzee alibaki amelaza kiganja juu ya lile paa kama anayetuliza ng'ombe. Mma Selebatso, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, anasema alishangaa kuona watu wanalia kwa ajili ya gari lenye mlango mbovu, na nusura apandishe bei.

Siku ya kupakia, Tshosa alifika na raba mpya ya kidirisha, zawadi yake. Mzee akaishukuru, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Liache linywe vumbi," akasema.

Seipone ana mipango. Atakuwa akileta maziwa mara mbili kwa wiki, na Jumamosi atabeba viti na masufuria ya watu wenye misiba na arusi, kama inavyompasa kila mwenye pikapu huku. Lakini kwanza kabisa, mvua zikishuka, anataka kulilima shamba la mama yake, ambalo halijaguswa tangu mwaka ule. "Nitapanda mtama kama yeye, na kunde pembeni. Na mtu yeyote akigonga nyuma, hata kama anataka tu kuokota kofia, nasimama."

Leo ndiyo safari ya kwanza. Pipa la maji, mbegu, kuku wawili ndani ya boksi, godoro. Kiti cha mbele kilikuwa cha mzee kwa heshima yake, lakini amekikataa. Ameketi nyuma juu ya godoro pamoja na Modiri, aliyeomba likizo. Mchanga umeanza, pikapu inavuta bila kulalamika, na magharibi kuna wingu jeusi zuri.

Karibu na ua wa miiba uliobomoka, paa linagongwa. Mara moja, polepole.

Seipone anasimama. Mzee anashikwa mkono na Modiri, anainuka, anavua kofia. Shamba limejaa majani makavu hadi kiunoni.

"Gabaikangwe," anasema, "tumesimama."

Injini inanguruma. Baada ya muda Seipone anauliza kupitia kidirishani, kwa sauti ya chini, "Baba, twende?"

"Ngoja kwanza. Bado anaangalia."

Seipone ananyoosha mkono, na hapo hapo mchangani, anazima injini.