Mwendo wa Alfani

Usiku ule nililala nikiwa na nyimbo nne kichwani, na chini ya nyimbo hizo kulikuwa na maneno ya shemeji yangu Mwajuma, ambayo hayakutaka kulala.

Alikuwa ameyasema jioni, mazoezi yalipokwisha. Alilaza ukulele wake juu ya meza ya mwalimu, taratibu, akaniambia, "Shemeji Damasi, Jumamosi mtapiga bila mimi. Vidole vyangu vimekufa. Wenzangu wote nawasikia, mwenyewe sijisikii."

"Pumzika kwanza, shemeji," nilimjibu. "Kesho utaamka vizuri."

Lilikuwa jibu la mtu mwoga. Nilijua vizuri kwa nini hajisikii.

Inabidi nieleze kidogo. Sisi ni kikundi cha wazee wa mtaa mmoja hapa Morogoro, wengi wetu wastaafu, na tunapiga ukulele, yale magitaa madogo ya nyuzi nne ambayo watoto wa mtaani huyaita gitaa toto. Aliyetuanzishia ni rafiki yangu Alfani, fundi seremala, mume wa Mwajuma. Aliuona ukulele kwa mgeni mmoja aliyekuja kutengenezewa kiti, akauomba, akaupima kwa kamba, kisha akatengeneza wa kwake kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango. Nyuzi akafunga mishipi ya kuvulia samaki. Wa pili akamtengenezea mkewe. Sisi wengine tukaona wivu, na kikundi kikazaliwa hivyo. Tunafanyia mazoezi katika darasa la chekechea, tumekalia viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Hatulipi kitu, ila kila mwaka tunawapigia watoto kwenye mahafali yao.

Alfani alifariki wakati wa masika. Uongozi ukaniangukia mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu ubaoni unasomeka. Safari hii mgeni rasmi wa mahafali, Jumamosi hiyo, alikuwa diwani, nami nikataka tumshangaze. Nyimbo zetu za polepole nikaziweka pembeni. Nikachagua wa harusi, wa mavuno, wa kumpokea mgeni na mwingine mmoja, zote za kurukaruka. Mwajuma hakuzimudu. Alichelewa kuingia, alichelewa kubadilisha vidole, na sauti yake ikawa inatufuata nyuma kama mtu aliyeachwa na wenzake sokoni. Mzee Kibwana, ambaye hutania kila mtu hata msibani, alisema, "Alfani angekuwa hai, leo angekufa upya." Tulicheka. Mwajuma naye alicheka. Mimi, katikati ya kicheko, niliona aibu mbele ya diwani ambaye hata hajafika.

Basi siku moja nikamwambia aniachie ukulele wake nimkazie nyuzi. Nyumbani nilikata sponji kwenye mto wa kochi kuukuu, nikaisukuma kupitia tundu kwa mpini wa mwiko mpaka tumbo la ukulele likajaa. Nikamrudishia. Tangu hapo Mwajuma alipiga na hakuna aliyemsikia, na yeye mwenyewe hakujisikia. Akazidi kubonyeza. Niliona ncha za vidole vyake zimechubuka, nikageukia ubao.

Ndivyo nilivyokwenda kulala.

Nikajikuta katika darasa lile, nimebeba viti, navipanga, na kila nikigeuka vimepungua. Alfani alikuwa amekaa kwenye kiti cha njano karibu na ubao. Alivaa aproni yake ya kazini na unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye nyusi. Nilijua amekufa. Jeneza lake lilipita begani mwangu. Lakini sikushangaa. Niliona haya tu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajafagia.

"Mmechagua zipi?" anauliza.

Namsomea ubaoni. Wa harusi. Wa mavuno. Wa kumpokea mgeni. Nikigusa jina kwa kidole, chaki inafutika, na nikifika wa nne hakuna kitu cha kusoma. Alfani anainamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya anapogonga ubao wa mninga kusikiliza kama umekauka.

"Haya, anza."

Wenzangu wamo ndani. Sikuwaona wakiingia, na nyuso zao zimeelekea dirishani. Nahesabu. Mikono yote inashuka pamoja, na kunakuwa kimya. Nahesabu tena. Mikono inapanda, inashuka, nyuzi naziona zikitikisika, na darasa zima halina sauti isipokuwa pumzi yangu. Nachukua ukulele ulio karibu, naingiza vidole tunduni, navuta sponji. Inakuja. Navuta, inazidi kuja, ya njano, nyepesi, inanijaa mapajani, inamwagika sakafuni, na nikiikanyaga nyayo zangu nazo hazitoi sauti. Nataka kumwambia Alfani asitazame. Anatazama.

Sakafu ile ya sponji ikawa godoro, na godoro ni la chumbani kwake, wakati wa ugonjwa. Amelala chali. Mwajuma ameketi ukingoni na bakuli la uji. Kijiko kinatetemeka, kinapanda polepole sana, nusu ya uji inadondoka kwenye shuka. Alfani amefungua mdomo na anangoja. Kijiko kinarudi bakulini, kinaanza safari upya. Anangoja. Mimi nimesimama mlangoni na nasema, "Shemeji, nipe mimi, itakuwa haraka." Midomo yangu inacheza. Hakuna anayenisikia.

Halafu bakuli si bakuli tena. Ni ukulele, uko mapajani mwa Mwajuma, na tuko nje ya karakana ya Alfani, nywele zetu bado nyeusi. Wote tunapiga. Sasa sauti ipo.

"Mke wangu hajui kupiga," ananiambia Alfani, bila kuinua macho.

Nashtuka kumsikia akitamka hivyo, kwa upole, kama anayetaja rangi ya nguo.

"Ulijua?"

"Nani hajui? Hata mwenyewe anajua."

Ndipo ninapoona anatazama wapi. Hatazami nyuzi zake wala hatutazami sisi. Anatazama kidole cha Mwajuma kinachotafuta njia kwenda kwenye uzi wake. Kinapotea. Kinarudi. Kinafika. Kikishafika, mkono wa Alfani unashuka, na sisi wote tunashuka naye. Nausikia ule mwendo ambao mtaa mzima ulikuwa ukiusifu, ule uzito mdogo kabla ya kila pigo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo. Watu waliuita mwendo wa Alfani. Walitoka mitaa mingine kuja kuusikiliza. Nimeupiga ubavuni kwake miaka mingi na sikuwahi kujiuliza unatoka wapi.

"Kumbe ulikuwa unamsubiri," nasema. "Sisi tulidhani ni ufundi."

"Ni ufundi," anasema.

Anasimama, anajikung'uta aproni, na unga wa mbao unaning'inia hewani hauanguki. Naona kwamba anaondoka, na kwamba karakana nyuma yake haina mlango wala ukuta. 

"Mwambie vidole vyake havijafa."

"Mwambie wewe, Alfani. Wewe atakuamini."

Ananitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayana hasira. Aliwahi kuitazama hivyo milango iliyopinda, akipima kama bado inanyooka.

"Mimi sikuweka sponji," anasema.

Nikaamka. Nje kulikuwa na ukungu wa mlimani na majogoo walikuwa wakijibizana. Nilikaa kitandani nikiyarudia maneno yale kwa sauti ya chini yasije yakanitoroka, maana ndoto hukimbia mtu akishanawa uso. Sikunawa. Nilivaa, nikauchukua ukulele wa Mwajuma, ambao jana yake niliubeba kutoka mezani alipouacha, nikautia kwapani nikatoka.

Nilimkuta uani anachambua mchicha. Upande wa pili wa ua wa mabati jirani yake alikuwa anafagia.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Mapema hivi, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

Njiani nilikuwa nimepanga kuanza na ndoto. Ukimletea mjane habari za mumewe, atakupa kigoda, atalia kidogo, na ukifika kwenye ubaya wako atakuwa ameshakusamehe kwa ajili ya marehemu. Lakini nilipoziona ncha za vidole vyake, amezipaka mafuta ya nazi na bado zimechubuka, nikaona huko ni kujificha nyuma ya mgongo wa Alfani. Nikaanza na sponji.

Nilimwambia yote. Mto wa kochi, mpini wa mwiko, diwani. Mwajuma hakuinua uso. Aliendelea kutenga majani na mabua mpaka bakuli likajaa. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ukulele. Aliingiza vidole viwili tunduni, akatoa sponji kipande kwa kipande, akavipanga kwenye ungo karibu na mabua. Alipomaliza alipiga mara moja, nyuzi zote. Kuku waliinua vichwa.

"Nilikwenda zahanati," alisema. "Nikamwambia daktari vidole vyangu havina sauti. Akacheka. Akasema, bibi, huo ni uzee. Nimekuwa nikilala na uzee huo, shemeji, nikiamka nao, na kumbe haukuwa wangu."

"Sina cha kujitetea."

"Huna."

Ufagio wa jirani ulikuwa umepunguza kasi. Baadaye ndipo nikamweleza ndoto, naye akaniuliza yale ambayo kila mtu huuliza. Alikuwa amevaa nini? Amenenepa au yuko vilevile? Alikohoa?

"Hakukohoa."

Alifumba macho, akayafumbua.

"Na kwamba sijui kupiga, hilo alilisema?"

"Alilisema."

"Mwongo mkubwa yule! Kila siku ananiambia, unaendelea vizuri mke wangu, unaendelea vizuri!"

Nilipomweleza kuhusu kidole, kwamba mwendo ule wote ulikuwa ni yeye kusubiriwa, alikitazama kidole chake cha pete muda mrefu, kama kitu alichoazima kwa mtu. Nilipofikia maneno ya mwisho, "mimi sikuweka sponji", aliangua kicheko, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akacheka tena, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, nami nikatazama chini.

"Na hizo nyimbo zako za kuruka?" aliuliza alipotulia.

"Tutazipiga kwa mwendo wa Alfani. Zikikataa, tutaziacha."

"Wa harusi uache hata ukikubali. Watoto wa chekechea wanaoa?"

"Nitaufuta."

Aliuegemeza ukulele kifuani, akajaribu kuweka vidole mahali pake. Vilichelewa, kama siku zote. Niliuzuia mguu wangu usigonge chini.

"Mimi sijakusamehe," alisema. "Nasema tu nitakuja. Na nitachelewa kuingia, unanijua."

"Tutakusubiri, shemeji."

"Sikusikii."

"Tutakusubiri."

"Bado. Sema na jirani asikie."

Nikasimama, mzee mzima, nikasema kwa sauti ya kutosha mtaa. Nyuma ya mabati ufagio ukakoma kabisa.

"Umesikia, mama Shukuru?" Mwajuma aliita.

"Nimesikia," jirani akajibu. "Kwani alikataa?"

Mwajuma alinitazama, mkono wake umetulia juu ya nyuzi.

"Mjibu," akasema.