Breki Zilizolegea kwa Kwaheri

Kuna swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu: kwa nini mwenyeji hukumbuka kitu cha kumpa mgeni pale tu mgeni anapowasha gari? Mchana kutwa mmekaa pamoja, mmekula, habari zote zimekwisha, na hakuna aliyetaja karanga. Injini ikinguruma tu, karanga zinakumbukwa. Nilisomea falsafa chuo kikuu na swali hili halikutokea katika mtihani wowote. Nililikuta Bungoma, nikiwa nyuma ya usukani wa gari aliloniachia marehemu baba.

Sababu ya safari ilikuwa Nekesa, binti mchanga wa mdogo wangu Wambui, aliyeolewa Bungoma. Mama yetu, ninayeishi naye Kitale, alikuwa hajamwona mjukuu huyo. Nyonga yake haimruhusu kukaa garini mwendo mrefu, na picha za simu alikwisha kuzikataa.

"Nataka kumnusa," aliniambia. "Simu hainuki mtoto."

Nikaahidi kumletea mtoto, pamoja na mama yake.

Gari nililiandaa mwenyewe. Ni saluni ya zamani yenye breki za dramu, na baba alinifundisha kuzihudumia tangu nikiwa msichana. Wiki ile nilifungua magurudumu ya nyuma nikabadilisha viatu vya breki, yaani vile vipande viwili vilivyopinda ambavyo hutanuka na kubana dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, kutoka ndani. Vipuri vidogo vyote nilivitumbukiza katika karai moja la mafuta ya taa, nikavisugua vikang'aa, nikavirudisha mahali pake. Nilijisifu sana. Mama, aliyekuwa akinitazama dirishani, alinisifu kuliko nilivyojisifu.

Jumamosi asubuhi niliondoka Kitale ukungu ukiwa bado umelalia mahindi. Nilipita Kiminini, kisha Kamukuywa, kisha Misikhu, nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kanisani sithubutu kuitoa. Karibu na Webuye bodaboda iliyobeba kitanda ilikatiza mbele yangu. Nilikanyaga pedali, gari likasimama papo hapo. Mwenye bodaboda akaniinulia mkono, na kitanda kikavuka barabara taratibu kama mheshimiwa.

Bungoma nilifika kabla ya chakula cha mchana. Boma la wakwe wa Wambui liko nje kidogo ya mji: nyumba, uwanja mpana mbele yake, kisha mteremko mfupi hadi langoni, na kando ya mteremko kuna bustani ya sukuma wiki. Bustani hiyo ni ya mama mkwe wake, ambaye watu wote huko, wadogo kwa wakubwa, humwita Kukhu, maana yake nyanya, yaani bibi.

"Karibu, mama," Kukhu alinipokea, akilipapasa gari kwenye boneti. "Hii ya mzee bado inakimbia?"

"Inakimbia, Kukhu. Na inasimama."

"Hiyo ya kusimama ndiyo nilikuwa nauliza."

Alasiri, baada ya ugali, kuku na mrenda, tuliaga. Wafula, mume wa Wambui, mtumishi wa serikali ambaye husali kama anayesoma taarifa ya idara, alituombea safari njema. Wambui aliketi nyuma na mtoto. Nikawasha gari, nikasogea hatua chache.

"Ngoja! Rudi nyuma kidogo!"

Ilikuwa mkungu wa ndizi. Kukhu hakubali zawadi ikabidhiwe njiani. Kwake yeye, kilichotolewa njiani ni kama kimetupwa. Lazima gari lirudi hadi mlangoni. Nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga breki, ndizi zikapakiwa. Nikasogea mbele.

"Aai, na karanga je? Rudi!"

Nikarudi. Baada ya karanga, kuku, aliyepinga uamuzi huo kwa makelele. Baada ya kuku, maparachichi. Baada ya maparachichi, kuku wa pili, ati yule wa kwanza asisafiri na mawazo. Kila mara nilirudi kinyumenyume, nikakanyaga, nikasimama. Na kila mara pedali ilizama kidogo zaidi, nami nikajiambia ni mguu wangu umechoka kwa ugali.

Hatimaye tuliuacha uwanja. Kwenye mteremko nilikanyaga, pedali ikashuka karibu iguse sakafu. Gari liliendelea na safari zake. Nililigeuzia kwenye sukuma wiki, nalo likasimama katikati ya matuta, pua kwenye majani, bila haraka, kama ng'ombe aliyefika alikokuwa akienda.

Hakuna aliyeumia. Lakini Kukhu aliteremka mteremko kwa kasi kuliko nilivyowahi kumwona mtu wa umri wake akiteremka, akafungua mlango, akamtwaa Nekesa.

"Huyu hapandi hii kitu," alisema, "mpaka isimame ikiambiwa simama."

Nilimfikiria mama Kitale, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kutandika shuka nyeupe ya kumlazia mjukuu.

Tulilisukuma gari hadi uwanjani, na Wafula akatoa hukumu.

"Shemeji, ni mzigo. Hizi ndizi za mama ni nzito, bana."

"Ndizi zangu?" Kukhu aling'aka. "Shusha ndizi! Shusha hata kuku! Tuone kama itasimama."

Tulishusha kila kitu. Pedali ilizama vilevile, na ndizi zikaachiwa huru mbele ya mashahidi.

Nikaanza kuchunguza. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa, wala magurudumu hayakuwa na dalili ya kuvuja. Nilipoikanyaga pedali mara mbili tatu mfululizo, ilipanda na kuwa ngumu. Hilo lilinieleza kwamba viatu vya breki vilikuwa vimekaa mbali mno na dramu. Lakini nilikuwa nimevisogeza karibu wiki ileile!

"Ulikuja nayo ikiwa nzima," Kukhu alisema, akimbembeleza mtoto. "Imeharibikia hapa kwangu, tukikuaga. Sasa watu watasema nini?"

Alikuwa akilinda jina la boma lake, lakini neno lake lilinikaa kichwani. Tangu Kitale nilikuwa nikienda mbele tu. Kurudi nyuma nilirudi hapo uwanjani tu. Nikakumbuka: ndani ya kila gurudumu kuna ajasta, skrubu yenye kigurudumu cha meno, na katika gari hili ajasta hujizungusha unapofunga breki ukirudi nyuma, ili kuvisogeza viatu karibu na dramu kadiri vinavyolika. Ya kushoto ina hesi, ile mikato ya skrubu, zinazozunguka upande mmoja, na ya kulia upande wa pili. Ukizibadilisha pande, badala ya kukaza zinalegeza.

Nami nilikuwa nimezisafisha zote katika karai moja.

"Kwa hivyo," Wambui alisema, akicheka hadi akajifuta machozi kwa leso ya mtoto, "kila zawadi ilikuwa inatulegezea breki?"

"Kila zawadi."

"Si basi ungekataa!" Wafula alisema. Sote tulimtazama Kukhu, na Wafula mwenyewe akaacha wazo hilo.

Jua lilikuwa limeshuka. Tuliamua kwamba kukicha nitarudisha kila ajasta upande wake, kisha gari lijaribiwe, na kwamba kuhusu mtoto mwenye kauli ni Kukhu.

Jumapili kulipopambazuka, Wafula alishika jeki nami nikafungua dramu. Ajasta ya kushoto ikaenda kushoto, ya kulia kulia. Nilivisogeza viatu kiasi tu, nikashusha gari, nikaketi kwenye usukani. Wambui aliketi nyuma, mikono mitupu.

Kukhu alisimama mlangoni na Nekesa mgongoni, amekwisha kuvaa nguo za kanisani. Nikasogea mbele.

"Rudi!" aliita. Ndizi.

Nikarudi, nikakanyaga. Nikasogea.

"Rudi!" Karanga. Pedali ilikuwa juu zaidi.

"Rudi!" Kuku wa kwanza. "Rudi!" Maparachichi. "Rudi!" Kuku wa mawazo. Kila mwito uliikaza pedali, hadi ikafika mahali pake ikatulia, na kila mara gari lilisimama kwa mguso mdogo tu. Nikateremka mteremko mzima, nikasimama langoni, sukuma wiki zikinitazama.

Kisha, kutoka juu:

"Rudi! Kuna kitu nimesahau."

Nilipanda kinyumenyume hadi mlangoni, nikakanyaga, gari likaganda. Kukhu alimfungua Nekesa mgongoni, akambusu utosini, akampitisha dirishani kwa mama yake.

"Sasa nenda," alisema. "Na usirudi tena."